Jicho la Kushoto la Gashe Tesemma

Waombolezaji wote, kaeni mlivyokaa, msigeuke kule nyuma, maana binti wa marehemu, Tsige, anamalizia jicho la kushoto la picha ya baba yake, na padri ameshasema historia hii ikiisha jeneza linaondoka, picha iwe tayari isiwe tayari, na hapa Gondar nyote mnajua anayechorwa na jicho moja ni Yuda na mashetani.

Marehemu mzee wetu, Gashe Tesemma Woldeyes, alizaliwa Azezo, hapa jirani, tarehe 3 ya mwezi wa Tikimt 1946 kwa kalenda yetu ya Kiethiopia, akalia kwa nguvu mpaka fisi wa milima ya Semien wakahama, akasoma shule ya kanisa mpaka shule ikamchoka, akafundishwa kuchora malaika, lakini yeye akapenda kuchora mama za watu, waume zao, paka zao, nyuso zenye macho mapana kama mkate wa injera, kiasi kwamba mtu aliyegombana na mama yake akiiona tu ile picha anaomba radhi ukutani.

Mwaka 1970 alimchora nyumbu wa Abegaz mchinjaji, nyumbu akageuza shingo, likaonekana jicho moja, Abegaz akaja na fimbo, "We Tesemma! Nyumbu wangu kamsaliti nani?", marehemu akakimbia nusura aingie Sudani, na tangu hapo kila jicho alilichora huku jasho linamtoka.

Alifunga ndoa tarehe 25 ya mwezi wa Tir 1973 na Yeshimebet, ambaye marehemu alimchora miezi tisa kwa woga mpaka bibi harusi akauliza, "Unanioa au unanichora?", wakajaliwa Tsige, peke yake.

Mwezi wa Hamle mwaka jana alipooza mkono wa kulia, picha aliyokuwa akijichora mwenyewe ikabaki na jicho moja, Tsige akamwambia, "Baba, niachie nimalizie," akajibu, "Wewe? Utaniwekea la mbuzi!", akafariki nyumbani tarehe 20 ya mwezi wa Yekatit 2016.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliopika injera za kushibisha jeshi, wachoraji wenzake, waliochimba kaburi, na, padri, tafadhali, kaa kidogo, tunawashukuru madaktari tena, na majirani wa upande wa pili, na...

Haya, Tsige ameweka brashi chini, geukeni, msiguse, rangi mbichi, mtazameni, macho mawili, na lile la kushoto lina wasiwasi wake wote, ni yeye kabisa.

Pumzika sasa, Gashe, usiogope tena.