Matete Niliyoyachoma

Vijana mtakaosoma haya, Yesu asifiwe! Kaeni vizuri mnisikilize. Mimi si mhubiri. Shule niliachia darasa la pili kule Kibondo, kabla sijaolewa huku Kasulu, kwa hiyo msinitafutie maneno matamu. Naandika jambo la aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Mume wangu, babu yenu, alipofariki niliingia kazi ya udalali. Watumishi wa serikali wanaohamishiwa hapa hawajui mtu wala njia. Wakiuliza kiwanja, bodaboda wanawaleta kwa Bibi Dalali. Na nilikuwa na sura ya kuaminika, ndugu zangu! Kitambaa cha kwaya kichwani, Biblia mezani. Mteja akiiona ile Biblia haulizi tena maswali. Nilijua hivyo, ndiyo maana niliiweka pale.

Kiangazi cha mwaka 2013 alikuja Mwalimu Neema kutoka Singida. Alikuwa amepanga chumba kimoja na mama yake mzee. Akaniambia, "Bibi, mama yangu kifua kinambana. Nitafutie mahali pakavu. Hata pakiwa padogo si neno, pawe pakavu tu."

Haja yake ilikuwa hiyo moja.

Nilikuwa na kiwanja cha mlimani, kikavu, lakini mwenyewe alikuwa bahili, udalali wake ulikuwa wa kunusa tu. Kiwanja cha bondeni kilikuwa kimekosa mnunuzi miaka miwili, na mwenyewe aliniahidi udalali mnono nikimuuzia. Kila Muha, mwenyeji wa huku, anajua kwa nini hakikununuliwa. Kilikuwa na matete. Penye matete maji yapo chini, hata jua liwe kali namna gani. Lakini mtu wa Singida angejuaje?

Ndugu zangu, nilichukua panga nikayafyeka matete yale kwa mikono yangu. Nikayachoma. Nikamwita mwalimu baada ya siku tatu. Akaikanyaga ile ardhi, ikalia ngumu kama sakafu. Akauliza, "Haya majivu ni ya nini, Bibi?" Nikamjibu, "Jirani anaandaa shamba la mahindi." Akacheka, akanishika mkono, akaniomba nikiombee kiwanja. Nikafumba macho nikaomba! Mungu anisamehe, niliomba kwa sauti.

Akajenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma, sakafu ya udongo. Mvua zilipoanza, akaja kwangu ameshika chipukizi la kijani, refu kama kidole. "Bibi, hili jani gani? Linaota chini ya kitanda cha mama. Naling'oa, linarudi." Nililitazama tete lile nikalitambua. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Majani tu hayo, mwanangu. Mwaga majivu."

Ule uongo wa pili unaniuma kuliko wa kwanza. Wa kwanza niliusema kwa tamaa. Wa pili niliusema nikijua mama mzee analala juu ya maji.

Mwezi wa tatu ukuta wa nyuma ukakaa chini mchana. Mwalimu alikuwa shuleni, mama yake alikuwa nje anaota jua lililochomoza kidogo. Hakuumia. Lakini wangeenda wapi? Hapa Kasulu walikuwa na mtu mmoja tu wa karibu, na mtu huyo ni mimi. Wakaja na godoro lililolowa. Nikampa yule mama kitanda changu. Nikawa namsikia akikohoa, na kila akimaliza kukohoa ananiambia, "Asante dada, Mungu akuzidishie." 

Jumapili ile mchungaji aliita wenye shukrani. Mwalimu Neema akasimama, akamshukuru Mungu kwa kumpa bibi mwenye huruma ugenini. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele, mwenzangu akanisukuma kwa kiwiko, "Simama basi, usione haya!"

Nilisimama.  Nikasema, "Nyamazeni. Mimi ndiye niliyefyeka matete pale. Niliyachoma ili asiyaone."

 Mwalimu hakulia, hakunitukana. Alisema maneno matatu tu, taratibu, "Bibi, nilikwambia pakavu."

Nilipiga magoti palepale, bila kuitwa mbele. Nilikuwa nimeimba kwaya miaka mingi, lakini siku ile ndiyo Yesu alinishika kweli. Ile tamaa iliyonifanya nimwone kila mgeni ni udalali unaotembea, aliing'oa na mzizi wake! Nami nikajua kwamba toba ya mdomo haijengi ukuta. Nilikuwa na kiwanja changu cha juu, njia ya kwenda Manyovu, nilichomwekea mwanangu. Nikakiandika kwa jina la mwalimu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mimi nikachukua bonde.

Mwanangu alifoka, "Mama, umerogwa?" Nikamwambia, "Nilikuwa nimerogwa zamani. Sasa nimepona. Kabebe tofali za bondeni, nyumba ya mwalimu ijengwe juu." Akabeba, akinuna njia nzima.

Mama yake Neema kifua kimepungua. Neema mwenyewe ananisalimu vizuri tukikutana sokoni, ila tangu siku ile haniiti Bibi. Ananiita Mama, kama anavyomwita muuza nyanya yeyote pale. Siwezi kumdai neno lile. Mungu amenisamehe, namsifu, lakini neno lile ninalikosa.

Wewe unayekula kwa kuwaongoza wageni, mwamini Yesu kwa tumbo lako pia. Mwambie mteja ukweli, hata akiondoka. Mwaka huu wa 2015 wameondoka wengi, na sijalala njaa.

Nyumbani kwangu nimetoa amri, na wote wameisikia. Mteja akija nami sipo, mpeni kiti, mpeni uji, kisha mpelekeni kwanza bondeni akaone matete yanavyoota. Yameshakuwa marefu kunipita. Asiyafyeke mtu. Atakayeingia mle na panga, asirudi kula kwangu.