Barua Pepe Iliyosema Kaka Yangu Yu Hai

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, jina la Bwana lipewe sifa mchana huu. Mimi ni Mama Neema, fundi cherehani wa pale Utemini, na wengi wenu mmevaa nguo nilizozishona. Leo nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa katika ndoto niliyokuwa nikiiota macho wazi.

Mimi ni mzaliwa wa Misigiri. Tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu Yona. Akiwa kijana aliondoka kwenda kutafuta kazi migodini Afrika Kusini. Mwanzoni alipiga simu, halafu simu zikawa za nadra, halafu kimya. Mama alipozeeka nilimchukua nikakaa naye hapa mjini. Ndugu zangu, mtu akifa unalia, unazika, unapoa. Lakini mtu akipotea, kila hodi inakusimamisha. Mama aliishi hivyo mpaka miguu ikakataa, akawa wa kulala tu akiangalia ukuta.

Basi msimu huu, alizeti zilipochanua, nikafungua barua pepe kwenye simu. Anwani hiyo ni ya kikundi chetu cha akina mama, tunawaandikia wanunuzi wa mafuta yetu ya alizeti. Nikakuta ujumbe: "Mpendwa, ndugu wa damu yako amelala hospitali nchi ya mbali. Anakumbuka wewe. Anataka kurudi nyumbani kabla ya kuchelewa." Chini pameandikwa jina la mtu aliyejiita wakili.

Niliacha cherehani, nikausoma tena. Kiswahili cha ujumbe ule kilikuwa kimepinda, lakini nikasema moyoni, haya ni maneno ya Yona mwenyewe, miaka ya ugenini imemharibia lugha. Jina lake halikuwemo. Nililiweka mimi.

Siku zilizofuata ni kama sikuwa nakanyaga ardhi. Upepo wetu mnaujua unavyovuma bila kuchoka. Mimi niliusikia kama mtu ananiita kwa jina la utotoni. Nikipita kando ya ziwa, ndege wamesimama kwenye yale maji ya chumvi, nilimwona Yona katikati yao, amekunja suruali, anacheka. Nikamwambia mama. Ndugu zangu, mama aliyekuwa hanyanyuki aliomba fimbo. Akatoka uani, akakaa juani kuchambua mlenda huku akiimba kwa Kinyiramba, lugha ya kwetu, nyimbo ambazo sikuwa nimezisikia tangu nikiwa mtoto.

"Yona akija usimpikie wali," akaniambia. "Atadhani amekuwa mgeni."

Wakili akaandika tena. Nibonyeze linki, nithibitishe kuwa mimi ndiye ndugu, niandike paswedi ya barua pepe. Nikaandika. Kisha akataka picha za kitambulisho changu na cha mama, pamoja na fomu aliyoiambatisha, niichapishe na kuisaini. Akaongeza: "Fanya haraka, usiambie watu, watachelewesha safari yake." Nikanyamaza. Hata mchungaji sikumwambia.

Asubuhi moja nikachukua vitambulisho, nikaenda steshenari ya jirani yangu Mwajuma. Mwajuma ni Mwislamu, tumepakana miaka mingi, na leo amekubali kuja kukaa nami hapa. Nikampa simu achapishe ile fomu. Akaanza kusoma, halafu akaacha printa, akaniangalia.

"Mama Neema, huyu ndugu ni nani?"

"Ni Yona. Amepatikana."

Akavuta kiti, akanikalisha. "Dada yangu, ujumbe huu hata mimi ninao."

"Kwani na wewe una kaka aliyepotea?"

"Sina. Kaka zangu wote wako Manyoni, jana tu nimeongea nao."

Akafungua kompyuta yake, pale barua taka zinapotupwa, wenyewe wanapaita spamu. Ulikuwepo. Mpendwa, ndugu wa damu yako. Maneno yale yale, yamepinda pale pale. Kisha akagusa jina la yule wakili, ikatokea anwani yenyewe iliyotuma: herufi na tarakimu zilizomwagwa tu, si za ofisi yoyote.

Nililia. Mwajuma akafunga mlango wa duka. Sikulia kwa kudanganywa, ndugu zangu. Nililia kwa sababu Yona alipotea mara ya pili, na safari hii nilimwona akiondoka.

"Lia," Mwajuma akasema, "lakini paswedi tuibadilishe sasa hivi."

Tukaibadilisha. Akaniwekea na ulinzi mwingine: mtu akijaribu kuingia, namba ya siri inakuja kwenye simu yangu. Lakini tukakuta wale matapeli wameshaingia, wamewaandikia akina mama wa kikundi na wanunuzi kwa jina langu. Tukawapigia wote, mmoja baada ya mwingine, wasibonyeze chochote. Vitambulisho vilibaki mkobani mwangu. Hapo ndipo nilipouona mkono wa Bwana.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Nilimkuta mama uani, nikamweleza yote. Aliizungusha fimbo yake mkononi mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia magotini.

"Kwa hiyo hao watu hawamjui mwanangu," akasema.

"Hawamjui, mama."

"Basi hawawezi kumleta, wala hawawezi kumwua. Bado yuko kwa Mungu."

Akaninyoshea mkono nimwinue. Nilidhani anarudi kitandani. Alikuwa anaelekea jikoni.

Ndugu zangu, watu hawa hawatujui. Wanatupa ujumbe mmoja kwa watu wengi wasiohesabika, na mwenye kidonda anajileta mwenyewe. Kwa mmoja ni kaka, kwa mwingine ni kazi, kwa mwingine ni uponyaji. Ukiambiwa uharakishe na usimwambie mtu, hapo hapo simama umwambie mtu. Itazame anwani ya aliyetuma. Linki usiyoijua iache. Paswedi yako usimpe yeyote, hata akikuita mpendwa.

Namshukuru Mungu aliyenipa jirani. Mimi na Mwajuma tutakaa nje baada ya ibada. Mwenye ujumbe anaouficha aje tuusome pamoja, hatutamcheka mtu. Na wewe uliyepotelewa na mtu wako, usimtafute kwa asiyemjua. Mkabidhi kwa Yeye aliyemwumba, kisha urudi nyumbani ukawatunze waliobaki.