Raba za Dorcus Hazipimwi kwa Kamba

Phelix: Haloo? Haloo! Hapo ni kwa bingwa wa mbio za kambi?

Dorcus: Nani huyo? Hii namba siijui.

Phelix: Sauti ya ndugu yako wa pekee imekupotea? Ni Phelix. Simu yangu imeisha chaji, hii ni ya Kipyegon, mwenye duka la raba za kukimbilia hapa Litein. Habari yako, sister?

Dorcus: Umepata raba?

Phelix: Mimi pia ni mzima, asante kwa kuuliza.

Dorcus: Phelix, leo ni Alhamisi na mbio ni Jumamosi. Salamu nitakupa Jumapili tukitoka kanisa. Umepata ama hujapata?

Phelix: Nimepata aibu. Raba bado. Ile kamba ya kupimia mguu ulinitumia—

Dorcus: Kamba iko na shida gani? Si ndio tunanunulia watoto viatu?

Phelix: Nimeitoa kwa mfuko mbele ya wateja. Kipyegon akaivuta hivi, akaigeuza, akaniuliza kama nimekuja kununua raba ama kufunga mbuzi.

Dorcus: Mwambie ni ya kupima, asijifanye.

Phelix: Ameipima. Anasema mwenye huu mguu ni mwanaume wa kucheza raga. Kwani ulipima nini?

Dorcus: Gambuti.

Phelix: Ulipima— Kipyegon! Amepima gambuti! [kicheko upande wa pili] Dorcus, unasikia hao? Hata mama wa kuuza nyanya amekaa chini.

Dorcus: Wacheke tu. Miaka kumi na moja nachuna majani chai, nimevaa kiatu gani kingine?

Phelix: Na hiyo gambuti ni saizi yako?

Dorcus: Ni namba nane. Lazima soksi mbili ziingie, na gazeti huko mbele kwa vidole. Kila mchumaji anavaa hivyo. Wewe ulitorokea boda boda, baridi ya majani asubuhi utaijulia wapi?

Phelix: Kwa hivyo nilibeba saizi ya soksi na gazeti mpaka Litein. Vizuri sana. Tumesoma.

Dorcus: Acha maneno. Nunua hata namba sita, nitajaza kitambaa.

Phelix: Amekataa kuuza. Eti— ngoja, anauliza ni mbio gani hii ya haraka hivi. [sauti inaenda mbali] Boss, ni hivi: mashine ya kuchuna imeingia shamba lao, wachumaji wengi wanarudishwa nyumbani. Wanabakisha sita tu, wawe askari wa geti, na mtihani ni mbio. Ukimaliza kilomita tano kwa dakika thelathini na tano, unabaki na kazi—

Dorcus: Phelix! Unamwambia mtu maisha yangu?

Phelix: —na ukishindwa, mwisho wa mwezi unarudisha ufunguo wa nyumba ya kambi, juu hiyo nyumba inaenda na kazi. [sauti inarudi] Nimemweleza.

Dorcus: Hata ya ufunguo umemweleza?

Phelix: Nimemweleza. Hacheki tena. Anasema leta rula.

Dorcus: Rula ya nini?

Phelix: Tukupime kwa simu. Weka kisigino kwa ukuta, simama wima, mtu asome mbele ya kidole kirefu. Na si gambuti, Dorcus. Mguu. Ile kitu iko ndani.

Dorcus: Shenzi. Fancy, mwanangu! Leta rula ya shule! ... Haya. Wa kushoto, ishirini na tano kasoro kidogo.

Phelix: Sasa mwaga maji kidogo kwa simiti, ukanyage, utoke. Anataka kujua alama yake. Katikati imeingia ndani ama imejaa?

Dorcus: Hii ni dawa ama ni kiatu?

Phelix: Kanyaga tu, mama. Mimi nimesimama hapa nikisoma nyayo zako kama mganga, watu saba wananiangalia, na wewe ndio unaona haya?

Dorcus: Imejaa. Imejaa yote kama chapati.

Phelix: Kipyegon, chapati. ... Anasema ni sawa, wengi wako hivyo, atatafuta raba ya kushikilia hapo katikati. Haya, mguu wa kulia.

Dorcus: Ni sawa na huo mwingine.

Phelix: Hapana, anasema miguu haifanani. Pima.

Dorcus: [mtandao unakwaruza] ...sikusikii vizuri...

Phelix: Unanisikia vizuri sana. Pima wa kulia.

Dorcus: Haufiki kwa ukuta vizuri.

Phelix: Umekuwa mfupi?

Dorcus: Kidole kimefura. Kile kikubwa. Ukucha umetoka Jumapili. Ni kitu kidogo.

Phelix: Ukucha mzima?

Dorcus: Wote.

Phelix: Na unataka kukimbia Jumamosi.

Dorcus: Nimefunga na kitambaa. Usimwambie huyo Kipyegon.

Phelix: Simu iko kwa spika, Dorcus.

Dorcus: Wewe mtoto wewe!

Phelix: Anasema ni ile gambuti. Kila ukiteremka, mguu unateleza ndani, kidole kinagonga mbele. Wiki mbili za mazoezi na gambuti, kuteremka na kupanda. Anasema hata angekuwa yeye, na yeye alikimbia mashindano ya mkoa kabla goti halijakataa, ukucha ungetoka.

Dorcus: Sasa nikimbie na nini? Silipa?

Phelix: Anauliza unakimbiaje. Unatua na kisigino ama na mbele? Magoti yanaenda wapi?

Dorcus: Nitajuaje? Mimi hukimbia, sijiangalii.

Phelix: Sawa, ngoja. Shika hapo. Nimpeleke nje nimwonyeshe. [viatu vinagonga, upepo, watu wanapiga kelele] Kipyegon, anakimbia hivi! Magoti yanaingia ndani... hivi... mikono ameibana kama amebeba kikapu... na kichwa chini! [makofi, mtu anapiga mluzi]

Dorcus: Phelix? Unafanya nini? Hao ni watu gani?

Phelix: [anahema] Ni soko. Soko lote. Kuna mzee ananiuliza kama nimeibiwa.

Dorcus: Omera, ndugu yangu, umekimbia huko nje kama mimi?

Phelix: Mara mbili. Kipyegon alisema nirudie, hakuona kisigino.

Dorcus: [anacheka] Ngoja kwanza. Wewe umejuaje vile nakimbia?

Phelix: Nimekisia.

Dorcus: Mikono kama nimebeba kikapu. Hiyo umekisia?

Phelix: Jumanne ile nyingine nilileta mteja hapo kiwandani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikaona mtu kwa barabara ya majani, na gambuti.

Dorcus: Na hukuniita?

Phelix: Nilizima pikipiki.

Dorcus: Wewe? Wewe huwezi kunyamaza hata kwa matanga.

Phelix: Ulifika pale juu, ukasimama, ukashika magoti. Ukajipangusa uso. Ukaanza tena.

Dorcus: Ilikuwa jasho.

Phelix: Ndio nasema. Jasho. Jasho jingi kwa asubuhi ya baridi.

Dorcus: Rudi kwa raba.

Phelix: Dorcus, sikiza. Kipyegon anasema hawezi kuuza raba kwa mguu wa kufura bila kuuona. Atakupa ya nafasi ya kidole gumba pale mbele, na atakuonyesha vile utafunga kamba isibane hicho kidole. Lakini mguu uje wenyewe.

Dorcus: Nije huko? Unikimbize mbele ya soko? Hao watu wa Litein wanajua kukimbia kutoka tumboni mwa mama. Mama mzima, Mjaluo, nadunda hapo kama gunia. Watanicheka mpaka Sotik.

Phelix: Watakucheka nini? Wamenicheka mimi wakamaliza. Hapa hakuna kicheko kimebaki, hata cha kukopa. Mama wa nyanya ameshika mbavu anasema basi.

Dorcus: Anafunga saa ngapi?

Phelix: Saa kumi na mbili. Sasa ni saa tisa.

Dorcus: [sauti mbali] Fancy, nipe ile leso! ... Majirani watauliza naenda wapi.

Phelix: Waambie unaenda kuweka mguu kwa kiatu. Toka hapo, mimi nachukua pikipiki tukutane kwa barabara kubwa.

Dorcus: Usinikujie. Naona gari inapinda hapo chini. Phelix—

Phelix: Haraka, hii ni credit ya mwenye duka, inalia.

Dorcus: Kwa nini hukuniambia uliniona?

Phelix: Ungeacha.

Dorcus: [upepo, mlango] ...ningeacha, kweli. Mwambie asiuze hiyo raba kabla—

Phelix: Haloo? Dorcus? ... Haloo? ... Imekatika. Kipyegon, weka kiti hapo. Mwenye miguu anakuja.