Chumvi ya Mzee Ndelilio

Wasikilizaji wapendwa, kama una kikombe cha maji mkononi, kishike hivyo hivyo kwanza. Leo tunamkumbuka mchimba visima, Mzee Ndelilio wa Shirimatunda. Amefariki Jumanne. Kesho anazikwa, na hazikwi kwenye kihamba chake, shamba la migomba alilorithi kwa ukoo. Narudia: Mchagga mwenye migomba yake, hazikwi kihambani. Subirini nieleze.

Mzee alikulia mlimani, kwenye mifereji. Kule maji unayaona yakishuka. Mwaka tisini na tatu, mabomba ya mjini yalipokuwa yanakohoa hewa tupu, Mama Mwantumu wa Majengo alimwita amchimbie kisima uani. Choo cha shimo kilikuwa upande wa chini, hatua kumi na tano. Mama akauliza, si karibu mno? Mzee akacheka. "Mama, tangu lini maji yakapanda mlima?"

Wakanywa miaka mitano. Kisha zikaja zile mvua kubwa za tisini na nane. Maji ya ardhini yakajaa, yakapanda, yakagusa shimo la choo. Hajira, binti wa Mama Mwantumu, miaka saba, akashikwa na kipindupindu. Hakumaliza siku mbili.

Majirani walisema ni maembe ya sokoni. Kisima kilikuwa kimefungwa, hakuna aliyekunywa tena. Mzee alikuja na gunia la chumvi, akalimwaga lote chooni. Kila asubuhi alivuta ndoo kisimani, akachemsha maji, akaonja.

Mama Mwantumu ananiambia: "Nilidhani kachanganyikiwa. Siku ya tisa alionja, akakaa pale pale kwenye matope. Akasema, 'Mama, chumvi imefika. Ni mimi.'"

Wapendwa, mvua ya msituni huzama. Hupenya mchanga na nyufa za mawe ya mlima, polepole, miaka na miaka, hadi itokeze chemchemi huko tambarare. Lakini haifuati mteremko unaouona wewe. Chini kuna mwamba, nao una mteremko wake. Pale uani, ardhi ilishukia chooni. Mwamba ulishukia kisimani. Mzee alijua mifereji, huo mwamba hakuujua.

Hakuchimba tena. Alikwenda kwenye visima vyake vyote, kimoja kimoja, akikaa ukingoni mchana kutwa. Bintiye, Salvina, anasema: "Nilikuwa namfuata na chakula. Nikimwambia, baba, twende nyumbani, ananijibu, 'Ngoja, kuna mtoto anateka maji.' Mtoto mwenyewe hayupo."

Upande wa chini wa kihamba chake kuna kisima cha jirani. Ndiyo maana aliusia: "Msiniweke juu ya maji ya watu." Wazee wa ukoo wamefoka, mtu gani anatupwa nje kama hana kwao? Salvina amesimama imara. Kesho saa nane, makaburi ya parokia.

Mama Mwantumu atakuwepo. Nilimwuliza kama alimsamehe. Akaniambia: "Nilimsamehe siku ile ile ya chumvi. Nikamwambia kwa mdomo wangu. Hakunisikia."

Salvina, dada yangu, pole sana. Poleni ukoo mzima, na wewe Mama Mwantumu, pole kwa mara nyingine. Nanyi wenye visima, kesho kabla ya kuteka, tazameni vyoo viko wapi, vya kwenu na vya jirani. Msiuamini mteremko.

Kikombe changu kiko hapa mezani tangu tuanze. Sijakigusa.