Mshale Unaanzia kwa Mwenye Shibe

Mwenye shibe humjua mwenye njaa. Mmesikia sawasawa, wasikilizaji wapendwa. Kwa binadamu si hivyo. Kwa elektroni ni hivyo, na mwanamke mmoja amekufa akilisema hilo.

Tunamkumbuka Bi Mshale, mwalimu wa kemia. Tumemzika jana.

Ubaoni alichora kaboni na oksijeni zimeshikana. "Oksijeni mroho huyu," alisema. "Anavutia elektroni kwake. Kaboni anapungukiwa, anabaki na chaji chanya. Nani atamwendea?"

"Mwenye elektroni za ziada!"

"Basi mshale wa kuonyesha elektroni zinakokwenda uanzie wapi?"

Aliyeelewa mshale huo ataweza kufuata hata mmenyuko wa kemikali ambao hajawahi kuuona. Lakini kwenye jaribio darasa zima liliuanzisha kwa kaboni. Kwao, mwenye njaa ndiye anayebisha hodi. Majibu ya mwisho yalikuwa sahihi, mishale ilikuwa kinyume. Bi Mshale akawapa sifuri. Darasa zima, sifuri.

Mkuu wa chuo akamwita. "Mama, badilisha alama, omba radhi, yaishe."

Akakataa. Akatolewa darasani, mtihani wa mwisho ukiwa mlangoni. Mwalimu mpya akaja kuwakaririsha majibu.

Basi kila asubuhi Bi Mshale alisimama nje ya dirisha la darasa lake, akichora mishale kwenye kioo kwa chaki. Mvua inafuta, anachora. Mlinzi anafuta, anachora. Mdogo wake akamfuata na mwavuli.

"Dada, twende nyumbani. Wanakucheka."

"Wacheke. Akigeuka mmoja tu, yatosha."

"Na kifua hicho?"

"Kifua ni changu. Mtihani ni wao."

Hakugeuka mtu. Waliogopa. Kikohozi kikawa homa ya mapafu. "Wodini alichora kwa kidole kwenye shuka," anasimulia mdogo wake. "Kila muuguzi alimuuliza, 'Unaanzia wapi, mwanangu?' Wakadhani anaweweseka." Hakujibiwa hadi alipokata roho.

Pole sana mdogo wake. Poleni wanawe. Nasi tujiulize: katika yote tuliyokariri, tumeelewa nini?

Kabla sijaingia hewani, mkuu wa chuo amepiga simu hapa studio. Nikithubutu kuyasema haya, ameagiza, nimalizie kwa kumwomba radhi.

Mshale unaanzia kwenye elektroni, bwana mkuu. Siombi.