Besi ya Tangi

Usinikunjie uso, Edmund. Na wewe Selestina, acha kumtazama kaka yako kama mtu anayeomba radhi, hujafanya kosa lolote. Nimewaona tangu mnaingia. Mmoja anadhani dawa zimemchanganya mama, mwingine anaogopa ataambiwa ndiye aliyemtia mama maneno mdomoni. Sikilizeni, wanangu. Uvimbe uko tumboni. Kichwani hakuna uvimbe. Gari la kunipeleka hospitali limeshaitwa, dereva kasema anatia mafuta kisha anapita, kwa hiyo nina muda wa jambo moja tu, na jambo lenyewe ni yale makabati yako ya muziki, Edmund. Haya, cheka. Nilijua utacheka. Mama anakwenda kupasuliwa, watu wanangoja waambiwe shamba la mikorosho ni la nani, yeye anausia makabati.

Mnajiuliza kwa nini nimewaita humu chumbani, tumebanana kitandani magoti kwa magoti, wakati sebule ipo na makochi yapo. Nimefanya kusudi. Sebuleni sikai tena, na leo sitaki akae mtu mwingine, ndiyo maana hata jirani yetu Fatu alipokuja asubuhi kunijulia hali nilimpokelea jikoni, akanuna. Akasema, "Mama Edmund, umeanza kuniona mimi wa jikoni?" Nikamwambia, "Kaa hapohapo kwenye kinu, jikoni chini kuna udongo." Hakunielewa. Nyinyi mtanielewa, mkitaka.

Kwanza niseme la haki, usije ukaenda kusema mama anachukia mashine yako. Siichukii. Ulipoileta kutoka Dar es Salaam nilikuuliza, "Sabufa hii ni ya bei gani?" Ukanitazama kama nimetukana kanisani. "Hii siyo sabufa, Mama. Sabufa ni ya kinyozi." Sawa. Ukamleta Ashiru seremala, akaranda mbao za mninga barazani mpaka nyumba nzima ikanukia, akatengeneza kabati la mashine ya santuri na kanda, kabati la amplifaya lenye matundu ya kupumua kwa nyuma, na yale mawili marefu ya spika, yaliyosimama kama mashahidi wa harusi. Sijaona kazi nzuri kama ile. Droo zinafunguka bila kelele, na mlango ukiusukuma kwa kidole unajifunga wenyewe taratibu, kama mtu mwenye adabu. Halafu ukamweka baba yenu. Ile kanda yake ya kwaya, ambayo kwenye redio yetu ya zamani ilikuwa ni kelele ya nyuki ndani ya kopo, ukaiweka pale, na mimi niliyekuwa napika mchicha nikamsikia Mwalimu Felix akivuta kamasi kabla ya kuanzisha ubeti. Alikuwa na tabia hiyo. Nilimkataza maisha yake yote, akaenda nayo kaburini, na wewe umemfufua aje avute tena. Sikulia. Lakini mchicha uliungua, mnakumbuka.

Kwa hiyo usiseme naichukia. Naogopa mahali ulipoisimamisha.

Ngojeni nipumue kidogo. Siyo kitu. Kaeni.

Nyumba hii tangu mwanzo ilikuwa na uani, na chini ya uani kuna tangi. Hapa Newala hilo halihitaji kuelezwa, kila mwenye akili anachimba tangi, mvua ya bati inaingia huko, tunainywa mpaka mvua nyingine ije. Sasa wewe ulipotaka sebule kubwa, ukaisogeza nyumba kuelekea uani. Nilisema, "Edmund, huko kuna tangi." Ukasema, "Mama, tangi lina mfuniko wa zege, sakafu iliyokwisha kujengwa tuiachie kuku?" Ukaweka vigae juu yake. Mdomo wa tangi ukabaki nje, pale nyuma tunapochotea, na tumbo lake likabaki chini ya makochi. Sikubisha sana. Makochi si mazito, na watu wanakaa na kuondoka. Lakini kabati halikai na kuondoka. Na yale makabati ya spika ulimwambia Ashiru ayatilie sakafu mbili chini, katikati mjaze mchanga wa mtoni uliochekechwa, ili mbao zisitetemeke. Wanaume walikuja na ndoo za mchanga kama wanajenga daraja. Mimi nimesimama mlangoni nahesabu ndoo mpaka nikaacha.

Unasema baba yako alijenga imara. Umelisema hilo kila nilipofungua mdomo. "Zege la Mzee lina nondo, Mama, hilo hata lori linapita." Nondo aliziona nani? Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, umefungwa na kanga, siku tunamimina zege lile. Ilikuwa miaka ya shida, hata sabuni watu walipanga foleni, nondo ungezitoa wapi? Baba yenu alizunguka na baiskeli yake mpaka Masasi akitafuta chuma. Alirudi na vyuma vya vitanda vilivyotupwa na wamisionari, na fremu za baiskeli mbovu kutoka kwa fundi mmoja wa Chiungutwa, na mwisho hata baiskeli yake mwenyewe akaikata, akailaza humo pamoja na zile nyingine, halafu akawa anakwenda shule kwa miguu. Hayo ndiyo yamelala chini ya vigae vyako. Baiskeli na vitanda. Mimi ndiye nilikuwa namwagia maji, yeye anakoroga. Simlaumu, mfuniko ule umetubeba sisi, kuku wetu, na magunia ya korosho, umebeba hata watu wa msiba wake. Alitengeneza kwa ajili ya kuzuia watoto na vyura wasiingie. Makabati ya mninga yaliyojazwa mchanga hakuyaota.

Sasa nisikilize hili, maana najua litakuuma kuliko yote.

Ile besi yako siyo ya spika.

Ndiyo, tazama chini. Watu wametoka Masasi, wamekaa hapo sebuleni na soda zao, wimbo ukishuka chini wanashika vifua wanasema, "Bwana Edmund, mambo haya hata mjini hakuna!" Nawe unatabasamu kama umejifungua mapacha. Ashiru mwenyewe alikuna kichwa. Aliniambia, "Bibi, nimewatengenezea watu makabati kama haya Mtwara, kipimo kilekile, sijasikia mlio wa namna hii." Nikamwambia njoo nyuma. Nikamfunulia mdomo wa tangi wakati wewe unawapigia wageni, tukainama wote wawili, na humo ndani sauti ilikuwa imejaa kama ngoma ya jando, na maji machache yaliyobaki chini yalikuwa yanatetemeka kwa mizunguko. Tangi lako ndilo linaimba, Edmund. Masika lilipojaa besi ilikuwa kidogo, ukalalamika waya haukukaa vizuri, ukabadilisha waya. Kiangazi kikaja, maji yakashuka, besi ikapanda, ukasema waya mpya umefanya kazi. Kila maji yalivyopungua ndivyo wewe ulivyofurahi. Sisi watu wa maji ya shida, mwanangu, na wewe unafurahia tangi tupu bila kujua.

Mimi niliishia darasa la nne, sijui habari za zege na uzito wake. Sijui kama mfuniko utapasuka kesho au utanizika mimi na nyinyi na bado uwepo. Sijui! Ningejua, nisingekuwa silali. Ninachojua ni kwamba tangu mchanga uingie kwenye yale makabati, vigae vya karibu na dirisha vimeachana, ukisukuma fagio linakwama pale ambapo zamani lilikuwa halikwami. Ninachojua ni kwamba wajukuu wakija likizo wanalala kifudifudi katikati ya zile spika, masikio chini, kwa sababu wanasema sakafu inawatekenya. Nawatoa kwa fimbo, wanarudi. Na Julia mkeo ananiambia, "Mama, waache watoto wafurahi." Nawaacha vipi?

Wewe unafikiri ni hila. Sema tu, mdomo wako nauona. Unafikiri mama anasema tangi, anamaanisha Selestina. Kwa sababu nyumba hii ni ya upande wetu, baba yenu aliingia hapa akiwa mkwe, akajenga kwenye kiwanja cha mama yangu, na kwa desturi yetu nyumba inabaki na binti. Ulijua hivyo tangu mdogo. Ndiyo maana ulimwambia Ashiru ayapigilie makabati ukutani kwa vyuma, usiniambie ni kwa ajili ya mlio. Mtu anayepigilia kabati ukutani anautaka ukuta. Basi nalisema mbele yenu wote wawili, asiwepo wa kusema hakusikia: nyumba na tangi ni vya Selestina, kama vilivyokuwa vyangu, na kiwanja kilivyokuwa cha mama yangu. Mikorosho ya Lisekese mgawane, na ile ya bondeni asiuze mtu. Mashine ya muziki na makabati yake ni ya Edmund, na Selestina asimwambie kaka yake ayatoe humu nyumbani hata siku moja, hata wakigombana, na mtagombana, nawajua.

Na sasa utaniuliza yatakaa wapi. Yatakaa humu.

Humu, ndiyo, chumbani kwangu. Kitanda hiki mkitoe. Chumba hiki ndicho cha kwanza kujengwa, kimekaa juu ya udongo mtupu, hakuna shimo chini yake wala pembeni. Ashiru ameshapima mlango kwa kamba. Anasema kabati litapita likilazwa ubavu, baada ya kutoa fremu. Yuko barazani tangu asubuhi na vifaa vyake, mimi ndiye niliyemwita, na mlipita mkamwamkia hamkumuuliza kilichomleta. Besi itapungua, nakuambia mapema usije ukabadilisha waya tena. Itakuwa ya spika peke yake, na hao wa Masasi wakiikosa ile ya zamani waambie ilikuwa ya baba yako. Mimi chumba sikihitaji. Nikirudi nitalala kwa Selestina. Usinikatize. Nimesema nikirudi.

Selestina, maji. Siyo ya chupa, hayo ya tangi, ya kwenye mtungi.

Eh.

Edmund, lete kiganja. Lete! Nimetema humo, usikunje mkono, nimekufuta kamasi miaka mingapi? Sugua kwa kidole. Hiyo ni nini? Sema kwa sauti dada yako asikie. Siyo mchanga, mchanga wa bati ni mwekundu, huu ni wa kijivu. Hiyo ni saruji, mwanangu. Hiyo tuliikoroga mimi na baba yako. Tangu mwezi uliopita naikuta kwenye ndoo, kwenye uji, kwenye meno, na kila nikiikuta nakwenda kusimama mlangoni mwa sebule naangalia yale makabati mazuri, sithubutu kuingia kuyafuta vumbi.

Mbona sasa hucheki?

Basi. Haya ndiyo ya kufanya, na mfanye leo kabla hamjala. Mchanga utoke kwanza, hukohuko yaliposimama, kwa bakuli, polepole. Aingie mtu mmoja, akitoka ndipo aingie mwingine, msijazane mle kama mnatoa jeneza. Msiyaburute. Mchanga mwageni kwenye shimo la migomba, msinitilie kwenye tangi. Makochi nayo yatoke. Halafu Selestina atafute mtu aingie chini na taa aangalie, kabla ya mvua, na akisema mfuniko uvunjwe, uvunjwe, sebule irudi kuwa uani, kuku wafurahi. Mvua ya kwanza msiipokee, iacheni ioshe bati. Fatu asinyimwe maji. Tuligombana naye kwa ajili ya mfereji wa bati, hata sikumbuki nani alianza, nadhani yeye, lakini ndoo yake ijae.

Pumzi... pumzi imekuwa fupi. Hapana, silali.

Mungu awape maji ya kutosha na awape masikio. Awape kusikilizana nikiwa sipo, maana nikiwepo mmeshindwa. Watoto wenu wawasumbue kama mlivyonisumbua, na mfurahi nao hivyohivyo. Nimemaliza.

Hiyo honi, gari hilo. Edmund, chukua begi. Futa kwanza hicho kiganja... au usifute, kamwonyeshe Ashiru. Selestina, nipe mkono, siyo hivyo, mimi si gunia. Piteni kwa jikoni, nimesema sebuleni asipite mtu. Tangulieni nyote. Mlango huu wa chumba... niachieni. Nimeufungua tangu nilipoolewa, nitaufunga mwenyewe. Haya.

Nimeufunga. Atakayeufungua awe amebeba kabati.