Phelesia na Mvuvi wa Remba

Boti kutoka kisiwa cha Remba ilikuwa imekaribia ufuo wa Kisegi, na nyanya Moraa alikuwa bado anawasikiliza wageni wawili waliokaa mbele yake.

"Mama, ziwa lilimmeza kijana wako, na bado unangoja Mkombozi?" mvuvi Javan alimuuliza Phelesia.

"Namngoja. Akija, atamwita Levi wangu kwa jina."

"Mbona anachelewa hivyo?"

"Hata boti hii ilichelewa, na ulingoja."

Moraa nusura apige makofi.

Boti ikasimama, maji yakiwa ya magotini. Javan akashuka, akainama. "Panda mgongoni, mama, usiloweshe viatu."

Phelesia akapanda.

"Nimekubeba tu," Javan akasema. "Sijakubali."

"Tutaongea ukinishusha, mwanangu. Sasa angalia mawe."